Losheni Isiyo na Tone la Maji: Kipande Hiki Kimenikosha!

Jamani, hiyo chupa ya losheni iwekeni chini kidogo. Nina kitu hapa kinachotosha kiganjani, cha manjano iliyopauka, kinanukia asali na kwa mbali karafuu, na kila aliyekishika amekuwa mzito kukirudisha. Ni losheni! Haimwagiki, haikamuliwi, haina pampu wala kifuniko, na ndani yake hakuna hata tone la maji. Unaipitisha juu ya mkono uliotoka kuoga, joto la ngozi linaiyeyusha kidogo tu pale inapogusa, na ngozi inabaki laini hadi unajishikashika mwenyewe ndani ya daladala.

Na kilichonipagawisha zaidi ni kwamba imepikwa nyumbani, kwenye jiko la gesi la plati mbili, kwa vitu vitatu vinavyopatikana huku huku kwetu. Nta ya nyuki, siagi ya mmea, mafuta ya nazi. Basi! Hakuna mtambo, hakuna maabara, hakuna dawa yenye jina la kuuma ulimi.

Wenzetu wa Uingereza wamekwisha kuvifanyia biashara kubwa vitu vya aina hii. Mo Constantine alitengeneza bomu la kuogea mwaka 1989, wazo akilipata kwenye vidonge vya Alka-Seltzer vinavyochemka ndani ya glasi, na mwaka 1995 yeye, mumewe Mark na wenzao wakaanzisha kampuni ya Lush katika mji wa Poole, inayouza shampuu za kipande na vipande vya kuchulia mwili. Sawa, hongera zao. Lakini kipande cha Poole kimepimwa kwa baridi ya Poole. Hiki changu kimepimwa kwa joto la Dar es Salaam, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri: ukitengeneza mwenyewe, ugumu wa kipande unauamua wewe, kwa hali ya hewa ya mtaa unaokaa. Nionyesheni duka litakalowafanyia hivyo!

Uzuri wake umeanzia kwenye kilichoachwa nje

Chukua chupa yoyote ya losheni usome viambato mgongoni. Vimepangwa kwa wingi, kilicho kingi kinatangulia, na mara nyingi kinachotangulia ni maji. Sasa maji na mafuta hayakai pamoja kwa hiari, kwa hiyo kiwanda lazima kitie kiambato cha kuyaunganisha. Na palipo na maji, bakteria na ukungu hualikana, kwa hiyo lazima kitie na kihifadhi cha kuwazuia. Orodha inarefuka kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hata hukukifuata dukani.

Yatoe maji, na orodha nzima inaporomoka! Hakuna cha kuunganisha, kwa kuwa nta, siagi na mafuta ni ndugu wa tumbo moja na huchanganyika bila kubembelezwa. Hakuna maji ya kuotesha ukungu. Kinachobaki ni kulinda mafuta yasiharibike kwa hewa, na kazi hiyo unaipunguza kwa matone machache ya vitamini E.

Wala si elimu ya jana. Galen, tabibu wa karne ya 2 katika dola ya Rumi, anakumbukwa kwa krimu ya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Maji yake yalipokuwa yakikauka juu ya ngozi ndiyo yaliyoipa ngozi ubaridi. Sisi tumebaki na nta yake na mafuta yake, maji tumeyaacha mlangoni.

Mkononi: hapa ndipo roho inaporuka

Kikiwa kimetulia, kipande hakinati. Kigonge kwa ukucha kinatoa mlio mkavu, kikwaruze kinaacha mstari mweupe. Kizungushe viganjani mara chache, uso unaanza kung'aa, ule mstari unafutika, kingo zinalegea, na ghafla kinateleza kama samli juu ya chapati ya moto. Hakuna tope mkononi, hakuna kuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kinaachia utando mwembamba tu, kisha ukikiweka pembeni uso wake unarudi kuwa mkavu.

Siri ya tendo hili ni siagi. Siagi ya kakao huyeyuka kati ya nyuzi joto 34 na 38, na joto la mwili wa binadamu limo humo humo. Mezani inakaa kimya, kwenye ngozi inalegea. Nta, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 62 hadi 64, inabaki kuwa nguzo ya kuzuia nyumba nzima isianguke.

Kisha nikakipeleka kisiginoni. Mnayajua magaga, zile nyufa zenye kingo nyeupe zinazokwaruza shuka usiku. Kipande kikipita, weupe wa kingo unazama, ngozi inarudia rangi yake, na ukipitisha kidole unahisi bonde la ufa bado lipo lakini meno yake yameondoka. Ufa haufungi kwa kupaka mara moja, tusidanganyane. Ila paka usiku baada ya kuosha miguu, vaa soksi za pamba, ulale. Asubuhi utaniambia!

Tena kina kizaazaa chake. Mgeni yeyote anayekikuta bafuni anadhani ni sabuni. Shangazi yangu alikuja kutoka Tanga, asubuhi nikamwamkia, "Shikamoo shangazi, umeamkaje?"

"Marahaba mwanangu, nimeamka salama. Ila hii sabuni yenu ya mjini haitoi povu! Nimeisugua wee, mwisho nimetoka nang'aa mwili mzima."

Nilipomweleza kuwa alikuwa amejipaka losheni, hakucheka wala hakushangaa. Aliuliza kama kipo kingine cha kuondoka nacho.

Jikoni: kinapikwaje?

Sikilizeni kipimo changu cha Pwani, kwa gramu 100: nta gramu 40, siagi ya shea au ya kakao gramu 30, mafuta ya nazi gramu 30. Mnapata vipande vitatu vya zaidi kidogo ya gramu 30 kila kimoja. Pimeni kwa mizani ya jikoni, si kwa kikombe. Nta iliyoparuzwa ina hewa nyingi katikati, na kikombe cha mwenye paruzo nene si sawa na kikombe cha mwenye paruzo laini. Mizani haina ubishi.

Nta yenyewe tumejaliwa. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi, Kigoma na Singida imefuga nyuki tangu enzi za mababu, na wauza asali wengi wanaweza kukutafutia bonge la nta ukiwaagiza. Inayotoka moja kwa moja kwa mrina asali huwa na rangi ya kahawia na mabaki ya masega. Isafishe hivi: iyeyushe ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, acha ipoe. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea na kugandia juu, na uchafu mwingi unaganda chini yake ambako unaukwangua kwa kisu. Halafu ianike kivulini ikauke kabisa. Kabisa! Tumeshakubaliana kwamba maji hayaingii.

Kwa siagi, tazama kaskazini. Mshea wa Uganda ya kaskazini na Sudan Kusini ni wa aina ya nilotica, na siagi yake ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka upesi na inapakika kwa ulaini wa ajabu. Ukitumia hiyo, kipande kinakuwa cha kubembeleza ngozi. Ukitumia siagi ya kakao, kinakuwa kigumu, kinakatika kwa mlio na kinanukia chokoleti. Mimi nimegawanya nusu kwa nusu na sina mpango wa kurudi nyuma.

Mafuta ya nazi yawe safi, yaliyotulia, yasiyo na ukungu chini ya chupa. Kama unayapika mwenyewe kwa kuchemsha tui, endelea na moto mdogo mpaka yaache kutoa vijipovu, maana kipovu ni maji yanayotoka, kisha uyachuje. Tui lililobaki ndani ndilo litakalokiozesha kipande chako.

Haya, jikoni. Sufuria yenye maji kidogo yanayochemka taratibu, juu yake bakuli la bati au la kioo kinachostahimili moto. Nta usiiweke moja kwa moja juu ya moto hata siku moja, kwa sababu ikizidi joto inaweza kuwaka. Inatangulia nta kwa kuwa ndiyo sugu. Itazame: vipande vya pembeni vinaanza kuwa na macho ya uwazi, vinalegea, vinakaa kwenye dimbwi la rangi ya dhahabu huku vya katikati bado vimesimama. Vikishazama vyote, tia mafuta ya nazi. Usishtuke ukiona nta inaganda tena mawingu mawingu, ni ubaridi wa mafuta, koroga itarudi. Epua, tia siagi mwishoni, koroga mpaka hakuna punje. Ikishapoa kidogo, tia vitamini E na harufu uliyoichagua.

Sasa kijiko cha hukumu! Weka kijiko cha chuma kwenye friza mapema, kichovye kwenye mchanganyiko, kiache mezani kirudi kwenye joto la chumba. Bonyeza kwa kidole. Kinabonyea mno? Ongeza nta kidogo. Kinakwaruza ngozi bila kuacha kitu? Ongeza mafuta. Unayeyusha tena, unapima tena, na hakuna kinachoharibika. Mambo ya keki hayana huruma hii.

Mimina kwenye trei ya barafu ya silikoni. Kinaanza kupauka kwenye kingo, weupe unatambaa kuelekea katikati, na mwisho kinabaki kidoa kimoja cha dhahabu ambacho nacho kinazama kidogo na kufunga. Kama umetumia shea, peleka trei kwenye friza upesi. Shea ikipoa taratibu, sehemu zake ngumu hujikusanya peke yake na kuwa chembechembe zinazohisiwa kwenye ngozi. Hazina madhara, ila zinaharibu raha. Kikishapoa, sukuma chini ya silikoni kwa kidole gumba: tak! Kimetoka kizima, kina mng'ao, kina kingo kali. Hapo mtu mzima anaweza kuruka jikoni, na mimi niliruka.

Nta ndiyo yenye amri

Mapishi mengi ya Ulaya na Marekani yanakwambia theluthi, theluthi, theluthi: nta, siagi na mafuta sawa kwa sawa. Ni kipimo kizuri kwa nyumba yenye nyuzi 20. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mwezi wa Februari Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, mchana unapopita nyuzi 30, theluthi moja ya kipande chako imekuwa kimiminika kabla hujakigusa, na shea nayo imelegea. Nta ndiyo iliyobaki kushika kila kitu. Ndiyo maana Pwani nimeipandisha hadi asilimia 40, na kipande kinakaa juu ya meza ya saluni isiyo na kiyoyozi bila kutoa jasho.

Sasa kipande hicho hicho mpelekee ndugu yako Njombe mwezi wa Juni! Kule mafuta ya nazi yenyewe yameganda kwenye chupa, watu wanayaweka juani au karibu na jiko ndipo yatoke. Kipande cha Pwani kitakuwa jiwe, atakisugua mpaka achoke. Kwake shusha nta hadi 25, siagi 35, na zile gramu 40 za mafuta weka alizeti, yanayobaki kimiminika hata kwenye baridi ile. Hapo kinapakika vizuri alfajiri ya ukungu. Nairobi ya Julai nayo iko katikati: nta 30, siagi 35, mafuta 35, nusu yake nazi na nusu alizeti.

Mnaona raha ilivyo? Losheni ya kiwandani ni ile ile kwa wote, kuanzia Makete hadi Mtwara. Hii, ukihama mkoa, unaihamisha na kipimo chake. Unaweza hata kufanya cha kiangazi na cha masika. Ukichukia mng'ao wa mafuta juu ya ngozi, ongeza gramu 5 za kornflawa kwenye kila gramu 100, koroga vizuri wakati wa kumimina, na mng'ao unatulia. Akina kaka wanaosema hawapendi kupaka mafuta kwa sababu yanashika vumbi, jaribuni hiki kisha tuongee.

Harufu ya kwetu, kwa kipimo

Kwenye harufu nilikuwa na wasiwasi wa furaha, maana uchaguzi ni mwingi mno! Pemba kuna kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake, kinachokamua mafuta ya karafuu. Kuna mchaichai, kuna mdalasini, kuna mkaratusi. Kuna langilangi, ambalo likichanganywa na nta mbichi linatoa harufu ya harusi nzima.

Ila karafuu ni kali, tuheshimiane nayo. Mafuta yake yasizidi nusu ya asilimia, yaani nusu gramu kwenye gramu 100. Yakizidi hapo yanaanza kuchoma ngozi badala ya kuipamba. Mafuta ya mdalasini ni makali zaidi, mimi nimeyaacha kwenye pilau. Mafuta ya limau au ndimu yaliyokamuliwa kwenye ganda yana hila nyingine: ukijipaka ukatoka juani yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka. Na kwa mtoto mchanga usitie harufu yoyote, nta yenyewe inanukia vya kutosha. Kwa kila mtu, paka kiduchu upande wa ndani wa kiwiko, subiri siku nzima, ngozi ikinyamaza endelea.

Na ndugu zake wa bafuni

Kwa kasi ileile nikaingia kwenye bomu la kuogea. Sehemu 2 za soda ya kuokea, sehemu 1 ya ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ile ile inayotiwa kwenye ubuyu na embe za pilipili. Ongeza chumvi kidogo, kornflawa kidogo na kijiko cha mafuta ya nazi. Nyunyiza spiriti kwa chupa ya kupulizia, kidogo kidogo, mpaka ukiukamata ule unga kiganjani ushikane. Shindilia kwenye kalibu, toa, acha likauke. Angalieni mawili: soda iwe ya kuokea, si magadi ya kulainishia maharage, ambayo ni makali kwa ngozi; wala isiwe baking pauda, ambayo imekwisha kuchanganywa na asidi yake.

Najua mtakachosema. Bafu la kulala ndani tunalo wangapi? Wengi wetu ni ndoo na kopo. Ndiyo maana mimi nalipeleka kwenye beseni la miguu! Beseni, maji ya vuguvugu, nusu ya bomu. Shaaa! Soda na asidi zinakutana ndani ya maji, gesi ya kaboni dioksaidi inatoka kwa fujo, vipovu vinapanda katikati ya vidole, mafuta ya nazi yanatandaa juu, na miguu iliyosimama sokoni kutwa nzima inapumua. Futa miguu kwa kuibonyeza na taulo, kisha kipande cha losheni kisiginoni. Wawili hawa wamezaliwa kuoana.

Halafu singo! Waunguja na Wapemba hawahitaji kufundishwa kusugua mwili: mpacholi, mrehani, asmini, mawaridi na karafuu vinatwangwa kinuni, vinalowekwa kwa marashi, na bibi harusi anasuguliwa mpaka ngozi inakuwa ya kioo. Mimi nimechukua singo kavu iliyochekechwa, gramu 20, nikaikoroga kwenye gramu 80 za siagi ya kakao na mafuta ya nazi vilivyoyeyushwa, siagi ikiwa ndiyo nyingi, nikamimina kwenye kalibu. Marashi sikuyatia. Yanasubiri kwenye kichupa chake, na wakati wa kuoga unayadondoshea kiganjani, unasugua na kipande, na harufu yote inaamka kwa mara moja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba vitu vyote vitatu vina tabia moja. Bomu linakaa kimya mpaka likutane na beseni. Singo inasubiri marashi. Losheni inasubiri ngozi iliyotoka kuoga. Kote maji yanakuja mwisho, na anayeyaleta ni wewe. Kwa nini basi tulipie maji ndani ya chupa, tuyabebe kutoka dukani, kisha tulipie na dawa ya kuyazuia yasioze?

Kasoro zake, maana hakuna kizuri kisicho na ila

Kikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani kitayeyuka, nta isiwadanganye. Kiwekeni kwenye kikopo cha bati chenye kifuniko: kikiyeyuka kitaganda humo humo, hasara hakuna. Mgongoni kufika kwa kipande ni mazoezi ya viungo, tafuta wa kukupaka. Kwenye mwili wenye nywele nyingi kinavuta kidogo, pasha kiganjani kwanza kisha paka kwa mkono. Usoni, mwenye chunusi aende taratibu, kwa sababu mafuta ya nazi na siagi ya kakao huziba vitundu vya ngozi za baadhi ya watu.

Bomu la kuogea nalo linaugua unyevu. Wakati wa masika hewa ya Pwani peke yake inatosha kulianzishia safari, linavimba na kupasuka likiwa kabatini. Lifungie kwenye chombo kisichopitisha hewa siku ile ile lilipokauka. Na mafuta yakidondoka kwenye sakafu ya bafu, ifute kwa sabuni kabla mzee hajaingia. Nta iliyobaki kwenye bakuli usiimimine kwenye sinki, itagandia kwenye bomba na fundi atakula hela yako. Ifute kwa karatasi ingali ya moto.

Kikubwa kuliko vyote: kipande hakileti unyevu, kinafungia uliopo. Ukijipaka ngozi ikiwa kavu kabisa saa nane mchana, utaona mafuta tu. Jipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na umande wake.

Kikipambanishwa na vingine

Mbele ya mafuta ya mgando, tuseme ukweli: kwa kuziba maji yasitoke kwenye ngozi, mafuta ya mgando bado ni bingwa, na hayana harufu ya kumsumbua mwenye ngozi nyepesi kudhurika. Lakini yanang'ara, yananata, yanachafua kola ya shati. Kipande kinatulia haraka, kinanukia, na kina siagi inayolainisha kwa namna ambayo mafuta ya mgando hayaijui.

Mbele ya losheni ya chupa, chupa inashinda kwa wepesi: mwili mzima kwa nusu dakika. Kwingine kote kipande kinaongoza. Hakimwagiki kwenye mkoba. Hakibaki nusu ndani ya chupa huku ukiigonga kwa hasira. Ukikifunga kwenye karatasi, hakuna plastiki ya kutupa. Na kwa anayepanda ndege na mkoba wa mkononi kwenda Muscat au Dubai, ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 inailenga chupa, kipande kigumu kinapita kwa madaha.

Hukumu

Losheni ya kipande: 9 kati ya 10, na ile moja niliyoibana ni ya mgongoni. Bomu la kuogea: 7 kwa Pwani, 9 kwa mikoa mikavu kama Dodoma. Singo ya kipande: 10, na atakayebisha aje na singo yake tushindane!

Ni kwa nani? Kwa mama mwenye magaga, kwa kijana anayeosha magari kutwa na mikono imempasuka, kwa muuguzi anayenawa kila dakika, kwa msafiri, kwa mwenye kutafuta zawadi ya harusi isiyo seti ya glasi. Kwa anayetaka kuuza, jipange: tengeneza kwa kipimo kile kile kila mara, andika viambato vyote na tarehe kwenye karatasi ya kufungia, na ufuate taratibu za vipodozi za nchi yako kabla hujafungua meza.

Na kwa anayeanza leo, usinunue vitu vya kutosha kijiji. Tafuta gramu 40 za nta, gramu 30 za siagi na gramu 30 za mafuta ya nazi, trei moja ya barafu, kijiko kimoja kwenye friza. Pika jioni, ulale, asubuhi ukitoka kuoga jipake. Kisha ficha kimoja, kwa sababu hivyo vingine viwili vitaondoka na wageni!